Wakili alikuwa wapi?

Jamani tukae, muda wenyewe mdogo. Wanaonijua wanajua lazima nianze na kisu, basi leo tena ni kisu, cha kwenye filamu ya mahakamani, mnivumilie.

12 Angry Men ya Sidney Lumet, 1957. Wengi mmeiona so sisimulii. Juri, yaani raia 12 wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, wanapiga kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia, 1 anakataa, kijana wa mtaa wa kimaskini yuko hatarini kupelekwa kwenye kiti cha umeme eti kamuua baba yake, na kuhusu kisu kilichoua, mwenye duka aliyekiuza anasema hajawahi kuwa na kingine cha aina ile. Henry Fonda, ndiye yule mjumbe mmoja aliyekataa, anaingiza mkono mfukoni, anatoa kisu kilekile, anakichomeka mezani pembeni ya kile cha kwanza. Kila mtu anashangilia, hata mimi nilishangilia.

Sasa tulizeni akili. Kakitoa wapi? Kanunua mwenyewe usiku wa jana yake, dola 6, karibu na anapokaa mshtakiwa. Mjumbe wa juri haruhusiwi kwenda kujitafutia ushahidi mtaani, kwa sheria za Marekani hiyo peke yake inaweza kuharibu kesi nzima, yaani haki hapa imepitia dirishani! Na swali langu ambalo nimeuliza mpaka watu wananikwepa: wakili wa yule mtoto alikuwa wapi? Alikuwepo bwana, kapangiwa na mahakama, kakaa pale mashahidi wanapita hata hawabani. Fonda kakipata kisu kwa matembezi ya jioni, wakili kilimshinda nini kutoka ofisini?

Kuna mtu hapo nyuma anataka kusema filamu inatia moyo, inaonyesha mtu mmoja anaweza. Anaweza, akiwepo! Siku hiyo Fonda angeamka na homa wakamweka mwingine wa aina ya yule jamaa mwenye tiketi za besiboli anayetaka wamalize haraka awahi mechi, mtoto kaisha. Hiyo ni imani kwa mahakama au ni bahati nasibu? Ndo maana huwa nabishana na wanaogawa hizi filamu za mahakamani mafungu mawili, eti hizi za matumaini, zile za kukata tamaa. Shujaa mnampenda kwa sababu wanaolipwa kufanya kazi ile wamelala.

Lumet huyohuyo, The Verdict, 1982, jaji anautupa ushahidi mkubwa na juri inampa ushindi mlalamikaji vilevile. Wameshinda kwa kumpuuza jaji! Al Pacino kwenye ...And Justice for All, 1979, ndo usiseme, ni wakili anamgeuka mteja wake mwenyewe, ambaye ni jaji, palepale mahakamani.

La mwisho haraka. Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe iliandika 2012 kwamba asilimia 97 ya hatia za mahakama za shirikisho zinatokana na watu kukiri kosa. Hakuna juri wala kisu mezani, ni makubaliano ya koridoni na sahihi, na hiyo nani ataitengenezea filamu ya saa mbili.

Naonyeshwa saa. Atticus Finch, yule wakili shujaa wa To Kill a Mockingbird, simgusi leo, wapenzi wake pumueni. Maswali?