Tangi Kwanza, Rubani Baadaye

Ndugu zangu wauguzi na wahudumu wa ambulensi, naanza na Frisco. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nitaanza na Frisco mpaka jambo hili la matangi ya mafuta ya helikopta liishe.

Frisco ni mji mdogo wa milimani, Colorado, Marekani. Mchana wa tarehe 3 Julai 2015 helikopta ya wagonjwa ilipaa kutoka hospitalini ikiwa na rubani na wauguzi wawili, mgonjwa hakuna. Ilipoacha ardhi tu ikaanza kuzunguka kama pia. Sekunde 32 tu baadaye, iko chini, kwenye maegesho ya magari.

Sasa hapa ndipo nawaomba msikilize. Kamera ya pale ilirekodi. Chombo kimelala, mafuta yanachuruzika, yanatambaa kwenye lami. Halafu moto. Rubani akafariki. Muuguzi mmoja aliungua karibu asilimia 90 ya mwili, akapona kwa mateso makubwa.

Najua kuna mtu anajiambia, “Lakini chanzo kilikuwa haidroliki.” Ndiyo, ule mfumo wa kimiminika kilichobanwa unaomwongezea rubani nguvu ya kuongoza chombo. Baada ya ukaguzi wa kabla ya kuruka, pangaboi la mkia, linalozuia chombo kisizunguke, lilibaki bila nguvu ya haidroliki, na hakukuwa na onyo la wazi la kumshtua rubani. Hicho ni chanzo cha kuanguka. Mimi nazungumzia kuungua! Wachunguzi wenyewe, NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, waliandika kwamba mfumo wa mafuta usiohimili ajali ndio uliozidisha majeraha.

Na dawa ilikuwapo. Jeshi la Marekani lilianza kuzifungia helikopta zake matangi yanayohimili ajali mwaka 1970: mfuko wa mpira mgumu ndani ya tangi, na viungio ambavyo bomba likikatika vinajifunga vyenyewe. Raia wakangoja hadi 1994, na kanuni ilipokuja ikagusa miundo mipya tu. Ile helikopta ya Frisco, aina ya AS350, ilitoka kiwandani miaka michache tu kabla ya ajali, ila muundo wake ni wa miaka ya 1970, basi ikaruhusiwa tangi la zamani. Sheria ikapitishwa 2018, ikaanza kubana Aprili 2020, tena kwa zinazotengenezwa upya. Zilizokwisha kununuliwa zinaruka hadi leo.

Wataniambia uzito, wataniambia gharama. Muuguzi anayefunga mkanda kule nyuma aliulizwa lini?

Tarehe 11 Januari 2022, Drexel Hill, karibu na Philadelphia, helikopta yenye mtoto wa miezi miwili iliangukia ubavuni mwa kanisa, katikati ya nyumba na nyaya za umeme. Wanne wote waliokuwamo wakatoka hai. Watu walisema ni muujiza, nami sibishani na mtu juu ya Mungu. Ila moto haukuwaka. Wahudumu wakapata nafasi ya kumtoa mtoto.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza kutua kwa dharura, nitasema kidogo tu. Injini ikizima, helikopta haidondoki kama jiwe. Rubani anashusha lever ya mkono wa kushoto papo hapo, upepo unaotoka chini unayazungusha mapanga, na karibu na ardhi anaivuta tena. Mara moja tu, hana ya pili. Wakati huo msimsemeshe, na kila kitu huko nyuma kiwe kimefungwa. Mitungi ya oksijeni, jamani. Ifungeni kabla hamjapaa.