Mwalimu wa Darasa la Nne na Sanduku la Kaseti

(Mhadhara huu, kuhusu mwalimu wa Marekani aliyerekodi nyimbo zake kwa kaseti, niliutoa jioni moja jijini Dar es Salaam mbele ya vijana wa bendi. Nimeuandika kama nilivyousema, nimeruka tu pale umeme ulipokatika.)

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mliosimama mlangoni ingieni, mkeka upo huku mbele, na mimi siumi.

Kabla sijamtaja mtu yeyote, tazameni hiki nilichoshika. Kaseti. Wa rika langu naona mnatabasamu, mnakumbuka penseli ya kurudishia utepe ili betri zisiishe. Utepe wenyewe upana wake haufiki hata milimita 4. Ndani ya wembamba huo mna njia nne za sauti: mbili za upande A, kushoto na kulia, na mbili za upande B. Ndiyo maana tulikuwa tunaigeuza. Sasa mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ikatoa mashine ya kuweka mezani, ikaiita Portastudio, ambayo inazitumia njia zote nne kwa mpigo, kuelekea upande mmoja. Kaseti ya mashine hiyo ukiigeuza unasikia muziki unakwenda kinyumenyume.

Faida yake? Unakaa chumbani kwako. Drams unazirekodi njia ya kwanza, besi ya pili, gitaa ya tatu. Halafu unayachanganya yote matatu, unayamwaga kwenye njia ya nne. Zile tatu zinabaki huru, unaanza kuimba juu yake. Gharama yake ni kwamba kila ukimwaga, ule mvumo wa utepe, ule *shhhh*, unakua, na muziki unaingia ukungu. Huo ukungu muukumbuke, tutarudi kwake.

Mtu wangu wa leo anaitwa Robert Pollard. Alizaliwa mwaka 1957, ni mtu wa Dayton, Ohio, kule Marekani, mji wa wale ndugu Wright waliokuwa mafundi baiskeli kabla ya kurusha ndege. Chuoni Pollard alikuwa mrushaji mpira hodari wa besiboli. Akaja kuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la nne, kwa miaka 14. Na tangu 1983 alikuwa na bendi ya roki iliyoitwa Guided by Voices, ambayo kwa miaka kumi karibu hakuna aliyeijua. Mimi nimefundisha hesabu sekondari na nimepiga gitaa kwenye bendi za harusi, kwa hiyo mkiona namtetea sana huyu bwana, mjue ni mambo ya chama. (Kicheko.)

Kati ya 1987 na 1990 walitoa albamu nne kwa fedha zao wenyewe. Santuri chache, wasikilizaji ndio haohao marafiki. Jukwaani walipanda kwa nadra mno. Kufikia 1992 madeni yalikuwa yamefika shingoni, Pollard akaamua atoe moja ya kuagia, kisha basi. Hiyo ndiyo *Propeller*. Walichapa santuri 500, na fedha ya kuchapisha makava haikuwepo. Wakafanyaje? Wakakaa chini na gundi, rangi, mikasi na magazeti ya zamani, wakatengeneza kava moja moja kwa mkono. Makava 500, hakuna mawili yanayofanana. Leo ukiipata moja ya zile, mnunuzi anakutolea maelfu ya dola. Wakati ule lilikuwa suala la ukata tu, jamani. Msije mkaondoka hapa mkidhani alikuwa na mkakati wa biashara.

Albamu ya kuagia ikageuka ya kufungulia mlango. Robert Griffin, mwenye lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ndogo tu iitwayo Scat, kule Cleveland, aliupenda muziki ule akawachukua. Mwaka 1994 ikatoka *Bee Thousand*: nyimbo 20 ndani ya dakika 36 na ushee. Mwaka huohuo Pollard akaacha chaki. Alikuwa anakaribia miaka 37, umri ambao hapa kwetu prodyuza anakwambia, "Kaka, umechelewa."

Sasa tuingie jikoni, maana ndiko nilikotaka tufike.

Pollard anaanza na jina la wimbo. Wengi wetu jina tunalitafuta mwishoni, wimbo ukishaiva. Yeye anayakusanya majina kwanza, maneno mawili matatu yanayogongana vizuri, hata kama hayana maana. Kisha anajiuliza: wimbo wenye jina hili ungelia vipi? Anachukua gitaa. Nyimbo zake nyingi hazifiki dakika mbili. Ubeti, kiitikio, kwaheri. Wakati mwingine hata kiitikio hakirudi mara ya pili, unabaki mdomo wazi kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Jambo la pili: hatupi kitu. Kaseti zake aliziweka kwenye sanduku la safari. Mwaka 2000 alitoa mkusanyiko wa nyimbo 100 zilizotoka kwenye akiba hiyo, na baadaye akatoa mingine mitatu, kila mmoja nyimbo 100. Hesabu hiyo: vitu 400 ambavyo hakuvitumia! Hata *Bee Thousand* kwa sehemu kubwa ni kazi ya sanduku. Vipande vya zamani vilifufuliwa, vikakatwa, kimoja kikashonwa na kingine. Bwana huyu hutengeneza pia picha za kolaji kwa kukata magazeti, na ukiziona unaelewa nyimbo zake. Ni mkasi uleule.

Hapa ndipo ualimu unapomsaidia, kwa maoni yangu. Mwalimu ana madaftari 45 mezani na kesho asubuhi yanatakiwa. Huwezi kulilia daftari moja usiku kucha. Unasahihisha, unaweka pembeni, unachukua lingine. Pollard anatunga hivyo. Wimbo mbovu haumuumizi, kwa sababu chini yake kuna mwingine unasubiri.

Na unaweza kufanya hivyo pale tu ambapo kukosea ni bei nafuu. Niwape kisa changu. Zamani bendi yetu ilichanga tukalipia saa nne kwenye studio moja mjini, sitaitaja. Saa ya kwanza fundi alichelewa. Ya pili drams zilikuwa zinafungwa maikrofoni. Ya tatu tukapiga wimbo, tukakosea, tukarudia, na kila mmoja wetu macho yako kwenye saa ya ukutani. Mpiga besi wetu, mtu ambaye baa alikuwa anachonga mistari hadi wahudumu wanasimama na trei, siku ile alipiga noti zilezile nne kama anayehesabu chenji. Aliogopa. Saa ilikuwa inakula fedha zetu na yeye alijua. Tulitoka na wimbo mmoja, safi, hauna kosa, na sijawahi kutamani kuusikiliza.

Turudi kwa Pollard. Kufikia 1995 yeye na wenzake walikuwa wameshasaini na Matador, lebo ya New York. Wakatoa *Alien Lanes*, nyimbo 28 kwa dakika 41. Husimuliwa kwamba gharama ya kurekodi, ukiiondoa bia, ilikuwa kama dola 10. Na bia haikuwa kidogo, jukwaani jamaa alikuwa na sanduku la barafu pembeni.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kuna watu wameufanya ule ukungu wa kaseti kuwa dini. Utakuta kijana ana kompyuta nzuri, anatafuta programu ya kuongeza *shhhh* bandia. Pollard mwenyewe hakuuabudu. Kwa albamu iliyotoka mwaka 1999 alimwendea Ric Ocasek, yule wa bendi ya The Cars, akarekodi kwa sauti iliyong'arishwa kabisa, akitaka redio zimpige. Baadhi ya mashabiki walinuna. Mimi siwaungi mkono. Mtu amerekodi chini ya nyumba miaka yote ile kwa sababu hana fedha, amezipata, mnataka aendelee kujifanya hana? Nyimbo zenyewe, kweli, nyingine zilipoa. Ila haki ya kujaribu alikuwa nayo.

Mengine kwa haraka. Usiku wa Desemba 31, 2004 aliivunja bendi kwa onyesho refu mno kule Chicago. Mwaka 2010 akairudisha, 2012 wakatoa albamu tatu katika mwaka mmoja, 2014 ikavunjika, 2016 ikarudi. Mwaka 2017 alitoa albamu iliyohesabiwa kuwa ya 100 katika maisha yake, ukijumlisha za bendi na za kwake binafsi. Nimezisikiliza zote? Hapana. Nyingine nilizozisikiliza ni za kuvumilia. Ukivua kwa juya, na majani yanaingia.

Naona mkono pale nyuma. Sema, kijana.

"Shikamoo mwalimu."

Marahaba.

"Sasa mbona yeye aliacha kazi? Sisi utatuambia tusiache?"

Swali zuri, lina meno. Angalia tarehe. Bendi 1983, kuacha kazi 1994. Miaka 11 mshahara wa serikali ya mtaa ulikuwa unanunua utepe na gitaa, na hakuna mwenye lebo aliyekuwa na sauti juu ya wimbo wa saa tano usiku. Alipoacha, tayari kulikuwa na sanduku limejaa. Mimi sikwambii uache wala usiache, mama yako yuko hapa amekaa pembeni yako. (Kicheko.) Nakuuliza tu sanduku lako lina nini.

"Nina simu, mwalimu. Nimejirekodi vipande vipande kama mia na hamsini."

Umeviweka majina?

"Hapana."

Basi leo usiku una kazi.

Haya, tumalizie kwa masikio. Fundi, niwekee wimbo wa kwanza wa *Bee Thousand*. Ngojeni, usibonyeze bado. Wimbo huu ndio mlango wa albamu, ungetegemea wauchunge kuliko zote. Humo gitaa linakatika. Linapotea, halafu linarudi kana kwamba lilitoka kunywa maji. Kosa la kurekodi. Walilisikia, wakaliacha. Nataka kila mmoja anyanyue mkono pale linapopotea.

Tayari? Bonyeza.