Kibuyu, Ngano na Kamba ya Katani: Meza ya Siku ya Shukrani

ZUHURA: Habari zenu nyote mnaotusikiliza. Mimi ni Zuhura, niko Lowell, Massachusetts, na hapa dirishani kwangu majani ya mti wa mepo yameshaiva, mekundu kama pilipili.

CHEBET: Nami ni Chebet, niko Minnesota. Hamjambo wote. Huku kwetu upepo mmoja tu na mti umebaki mtupu, kwa hivyo leo nitawaharakisha kidogo. Tunazungumzia meza ya Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya mavuno ya hapa Marekani, Thanksgiving. Chakula tutakiacha. Leo ni lile pambo la katikati ya meza, na tunalitaka la kizamani, la kutengenezwa kwa mkono nyumbani.

ZUHURA: Lakini dada, siku yenyewe ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Sisi bado tuko Oktoba. Haraka ya nini?

CHEBET: Majani, Zuhura. Anayengoja Novemba ataokota matope. Okota sasa, jani likiwa na rangi yake na bado ni laini. Lilaze katikati ya magazeti, weka vitabu vizito juu, siku moja au mbili linyooke. Halafu nta ya nyuki.

ZUHURA: Hapo eleza polepole, maana wengine wataichemsha nta juu ya moto moja kwa moja.

CHEBET: Wasithubutu. Nta inashika moto kama mafuta. Chukua kopo safi, tia nta ndani, kopo liingie kwenye sufuria yenye maji, ndipo maji yapashwe taratibu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi, kwa hivyo huhitaji moto mkali hata kidogo. Ikishayeyuka, shika jani kwa kikonyo, lichovye mara moja, litoe, liache lichuruzike, ulianike kwenye uzi. Dakika chache tu limekauka. Rangi inakaa wiki nyingi, na meza nzima inanukia asali.

ZUHURA: Mimi nilijaribu kwa nta ya mishumaa ya kawaida. Yalishika, lakini yale ya nta ya nyuki yana mng'ao wa ndani, si wa juujuu. Tofauti unaiona.

CHEBET: Unaiona kabisa. Na ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya akina mama wa zamani wa huku kabla ya maua ya plastiki.

ZUHURA: Basi nianze na cha kwangu, chupa za Mason. Wasikilizaji, ni zile chupa za kioo za kuhifadhia matunda na mboga, zenye kifuniko cha kuzungusha. John Landis Mason alipata hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, tarehe 30 Novemba 1858. Sasa mimi katika duka la mitumba nikakuta chupa ya rangi ya samawati, kioo kimeandikwa tarehe hiyohiyo kwa herufi za kunyanyuka. Moyo ukaruka! Nikadhani nimeshika chupa ya mwaka 1858.

CHEBET: Kumbe sivyo.

ZUHURA: Sivyo. Tarehe ile ni ya hataza, na viwanda viliendelea kuichapa kwenye chupa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mtu asiuziwe kwa bei ya dhahabu kwa sababu ya tarehe. Rangi ndiyo inayosema zaidi. Ile samawati ya kampuni ya Ball ya Indiana ilitokana na mchanga wa pwani ya Ziwa Michigan, na iliendelea hadi miaka ya 1930. Kioo chake kina vipovu vidogo ndani. Ukikiweka mbele ya mwanga wa jioni, chenyewe ni pambo, hata kabla hujatia kitu.

CHEBET: Na wewe unatia nini?

ZUHURA: Kranberi, yale matunda madogo mekundu ya huku. Niko karibu na mashamba yake, yako kusini-mashariki mwa jimbo letu. Umewahi kuona wakivuna? Wanajaza maji shambani, matunda yanaelea, ziwa lote linakuwa jekundu. Kranberi ina vyumba vya hewa ndani, ndiyo sababu haizami. Basi ukizitia kwenye chupa yenye maji kidogo zinakusanyika juu. Mimi hujaza chupa hadi shingoni zisipate nafasi ya kucheza, ndipo namimina maji. Nachomeka tawi moja la msonobari, basi.

CHEBET: Hutii mshumaa wa kuelea?

ZUHURA: Zamani nilitia. Siku hizi hapana, kwa sababu nta ikidondoka matunda yanakuwa ya kutupa. Bila mshumaa, usiku uleule wageni wakiondoka nayachuja, naongeza sukari na ganda la chungwa, inakuwa jemu. Mimi sipendi kumwaga mavuno.

CHEBET: Hapo umenigusa. Ukipita madukani mwezi huu unaona maboga ya povu yamepakwa rangi ya kutu yafanane na ya zamani. Sherehe ya mavuno, halafu mezani hakuna hata kitu kimoja kilichoota ardhini! Mimi nasema pambo la kizamani si kitu kilichozeeshwa kiwandani. Ni kitu kilichowahi kufanya kazi, au kilichotoka shambani. Chano cha mbao cha kukandia unga, mtungi wa udongo wa kuwekea kachumbari za siki, birika la bati lenye mabaka. Hivyo vilikuwa kazini. Vimepata haki ya kukaa katikati.

ZUHURA: Ila hapo niseme jambo moja la usalama. Vitu vya zamani vilivyopakwa rangi, sanduku la mbao lenye rangi inayobanduka, visikaribiane na chakula. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, kwa hiyo cha kabla ya hapo kihofie, hasa kukiwa na watoto wadogo. Na bakuli la zamani lenye kung'aa usilipakulie chakula kama hulijui. Likae na mapambo tu.

CHEBET: Kabisa. Chini yake tandika kitambaa cha gunia, kikubwa kuliko sanduku, vipande vya rangi viangukie hapo.

ZUHURA: Sasa tufike kwenye ngano, maana najua unaingoja.

CHEBET: Ninaingoja tangu asubuhi! Minneapolis ulikuwa mji wa kusaga unga, vinu vimepangana ukingoni mwa Mississippi. Kwa hivyo kwangu meza bila mganda wa ngano haijakamilika. Unahitaji mabua kama 100, makavu, yenye masuke. Yashike chini kidogo ya masuke, ufunge hapo kwa nguvu. Halafu, huu ndio utundu wake, shika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, uyasokote mabua upande mmoja kama unayekamua nguo. Chini yanafunguka kama sketi. Kata ncha za chini ziwe sawa, na mganda unasimama wenyewe bila chombo.

ZUHURA: Unafunga kwa nini?

CHEBET: Kwa kamba. Utepe wa dukani unateleza.

ZUHURA: Kamba gani, dada Chebet?

CHEBET: Zuhura, mimi najua unanipeleka wapi.

ZUHURA: Nakupeleka Tanga! Mimi nimezaliwa Muheza, mama, baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Nimekua nikisikia korona ikinguruma, mashine ya kusaga majani ya mkonge, na kamba za kuanikia zimejaa singa nyeupe mpaka macho yanauma kwa jua. Mkonge asili yake si kwetu, ni Mexico. Aliyeuleta ni Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 tulifika tani zaidi ya 230,000. Na katani ile, yaani singa za mkonge, ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilisokotwa kamba za kufungia mazao, zikavuka bahari mpaka kwa wakulima wa huku wa ngano na majani makavu.

CHEBET: Yaani mganda wa Minnesota ulifungwa kwa jasho la Muheza.

ZUHURA: Jasho la manamba, watu walioletwa kutoka mbali, Wamakonde, Wabena, Waha, wakahesabiwa kwa namba. Kwa hiyo mtu anaponiambia kamba ya katani mezani ni mtindo wa kizamani wa shamba la Marekani, mimi namwambia ndiyo, na ni wa kwetu vilevile. Hakuna anayehitaji kunikaribisha kwenye meza hiyo. Kamba yangu ilitangulia.

CHEBET: Lo. Acha nipumue kidogo.

ZUHURA: Pumua, halafu utuambie kile kibuyu.

CHEBET: Kibuyu ni cha nyanya yangu, wa kule karibu na Eldoret. Sisi tunakiita sotet. Ni cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kinasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kina mkanda wa ngozi na shanga chache zilizobaki. Nilikuja nacho kwenye begi, nimekifungia ndani ya sweta. Miaka ya kwanza kilikaa kabatini. Nilidhani hakifai meza ya hapa, penye maboga na mahindi ya rangi.

ZUHURA: Vibuyu vyao wenyewe si wanavipanga pale?

CHEBET: Ndivyo nilivyokuja kugundua. Kibuyu, kile chenye ganda gumu, asili yake ni Afrika. Kilifika bara la Amerika maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Wazungu. Mwaka 2014 wanasayansi walilinganisha chembe za urithi za vibuyu vya zamani vya huku, wakaona vinafanana na vya Afrika, na maelezo yao ni kwamba vilielea tu baharini, mbegu zikiwa salama ndani. Boga na mahindi vikafanya safari ya kinyume, vikatoka huku vikaja kwetu, mpaka leo sisi tunasema ugali ni wa kwetu.

ZUHURA: Na ni wa kwetu.

CHEBET: Ni wa kwetu. Basi tangu hapo sotet inakaa katikati kabisa. Pembeni maboga madogo, yasiyokatwa, maana boga lililokatwa linaoza ndani ya siku chache na zima linakaa wiki nyingi. Mahindi ya rangi matatu, maganda yake nimeyafunua nyuma na kuyafunga. Majani ya nta yametandazwa chini. Mganda wa ngano nauweka kwenye meza ya pembeni, hauji katikati.

ZUHURA: Kwa nini?

CHEBET: Urefu. Watu wanaketi kula na kuzungumza, pambo lisiwe ukuta. Weka kiwiko mezani, nyoosha mkono juu. Pambo lisipite pale kiganja kinapoanzia. Mama mkwe wangu anasikia kwa kutazama midomo, kwa hivyo kwangu hiyo ni sheria. Na sababu ya pili ni moto.

ZUHURA: Wewe ulikuwepo siku ile.

CHEBET: Nilikuwepo. Nyumba ya rafiki, mganda mkavu, mishumaa miwili mirefu, mtoto akavuta kitambaa. Masuke yalishika moto kabla hatujainuka. Mwenye nyumba aliuzima kwa jagi la maji na hakuna aliyeumia, lakini nywele za yule mtoto ziliungua mbele. Tangu hapo, penye ngano sitaki mwali. Mshumaa ukae ndani ya chupa ndefu ya kioo, peke yake, mbali na kila kikavu.

ZUHURA: Kuna jambo nataka tulitaje kabla hatujafunga. Kwenye mitumba utakuta mishumaa midogo ya miaka ya 1940 na 1950 yenye umbo la bata mzinga, la wale walowezi wa Kiingereza, na la Mhindi Mwekundu mwenye manyoya kichwani.

CHEBET: Ya kampuni ya Gurley. Watu wanaikusanya sana.

ZUHURA: Bata mzinga namweka kwa furaha. Yule wa manyoya, hapana. Plymouth, walikoishi walowezi hao, si mbali na kwangu, nimefika. Waliokula na walowezi mwaka 1621, karamu inayokumbukwa siku hii, walikuwa Wawampanoag, Wenyeji wa Asili wa huku, watu kama 90 pamoja na kiongozi wao Massasoit, kwa siku tatu. Taji lile la manyoya ni la watu wa tambarare za mbali huko magharibi, si vazi lao. Na kizazi chao kipo. Tangu 1970 Wenyeji wa Asili hukusanyika Plymouth Alhamisi hiyohiyo na kuiita siku ya maombolezo. Mimi siwezi kumfanya mtu anayeomboleza kuwa mshumaa.

CHEBET: Nakuunga mkono. Mahindi yale ya rangi waliyalima wao. Mimi nikiyaweka mezani huwaambia watoto jina lao, Wawampanoag, kabla ya sala. Inatosha, na watoto wanakumbuka.

ZUHURA: Nitaiga hiyo.

CHEBET: Iga. Na baada ya sikukuu mahindi nayafungia uani, ndege wanakula theluji ikiwa imefunika kila kitu. Maboga yanaingia sufuriani, na kibuyu kinarudi kwenye maziwa.

ZUHURA: Bado unagandisha mursik huko kwenye baridi?

CHEBET: Karibu na hita, mama. Inachukua muda, lakini inakuja. Ila kamba yangu imekwisha. Mwaka huu nilitaka kufungia uzi wa pamba.

ZUHURA: Usifunge kwa pamba! Kaka yangu alinitumia mabunda mawili ya katani kutoka Tanga. Moja ni lako. Nipe anwani yako tukizima vinasa sauti.

CHEBET: Litume kabla ya theluji.

ZUHURA: Nalipeleka posta kesho.