Kambi Inapopanuka, Gharama za Nje ya Lango Hubebwa na Nani?

Ndugu Mwenyekiti, walimu na wanafunzi wa mipango miji, na nyote mliofika kusikiliza,

Tarehe 13 Mei 2005 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza orodha ya kambi ilizopendekeza zifungwe, zipunguzwe au zipanuliwe. Miji mingi inayoishi kwa kutegemea kambi ilikuwa imehangaika kwa miezi mingi ikiogopa kufungiwa, na haikuogopa bure, kwa sababu awamu nne za kufunga kambi zilizotangulia, za 1988, 1991, 1993 na 1995, zilikuwa zimeacha majengo matupu na watu wasio na kazi sehemu nyingi za nchi hiyo. Lakini siku ile baadhi ya miji iligundua kwamba ilikuwa ikiogopa jambo lisilo lenyewe. El Paso katika jimbo la Texas, Fayetteville katika North Carolina, Columbus katika Georgia na mji mdogo wa Junction City katika Kansas haikuwa inafungiwa kambi. Ilikuwa inaletewa watu, tena kwa maelfu. Mapendekezo hayo yalipata nguvu ya sheria mwezi Novemba mwaka huohuo, na jeshi likapewa hadi tarehe 15 Septemba 2011 kuyakamilisha. Miaka sita kwa anayehamisha kikosi ni muda wa kutosha. Kwa anayepaswa kubuni barabara, kutafuta fedha zake, kutwaa ardhi, kulipa fidia na ndipo amwage lami, miaka sita haitoshi.

Nimekuja na hoja moja tu, na mifano yote nitakayoitoa inaihusu. Kambi inapopanuka, idadi ya watakaokuja huamuliwa na upande mmoja, na hasara ya idadi hiyo kukosewa hubebwa na upande mwingine. Mipango ya pamoja ya ukanda mzima, yaani kambi, miji na kaunti zinazoizunguka, ina maana pale tu inapowakalisha pande hizo mbili meza moja kabla fedha hazijakopwa na mitaro haijachimbwa.

Tuanze na namna watu hao wanavyofika. Brigedi moja ya mapigano ina askari kati ya 3,000 na 4,000 hivi, kisha kuna wake na waume zao, watoto wao, wakandarasi wanaolihudumia jeshi, na raia wanaokuja kufundisha, kuuza na kutibu. Karibu theluthi mbili za familia za wanajeshi walio ndani ya Marekani huishi nje ya kambi, kwa hiyo ongezeko linaloonekana kwenye karatasi za jeshi kama jambo la ndani ya uzio huwa, kwa sehemu kubwa, jambo la mitaa ya mji. Hapo ndipo hesabu za halmashauri zinapogoma. Shule za Marekani hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo inayokusanywa palepale zilipo, na ardhi ya serikali ya shirikisho hailipi kodi hiyo. Maduka yaliyo ndani ya kambi hayatozi kodi ya mauzo ya jimbo. Askari naye, kwa mujibu wa sheria, anaweza kubaki mkazi wa jimbo alikotoka na kulipia kodi ya mshahara huko. Kongresi ililiona tatizo hili zamani, na mwaka 1950 ikaanzisha ruzuku kwa wilaya za shule zenye watoto wa namna hii, ruzuku ambayo ingali ipo. Lakini ruzuku humfuata mtoto aliyekwisha kuandikishwa, ilhali darasa lake linatakiwa kujengwa kabla hajafika.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa miji hulisahau wanapofurahia wateja wapya. Askari anayeishi nje ya kambi hupewa posho ya nyumba, na kiwango chake hukadiriwa kwa kuangalia kodi za kupangisha nyumba katika eneo husika. Mwenye nyumba wa mji mdogo hachelewi kujua posho hiyo ni kiasi gani. Kodi zikipanda, posho hurekebishwa, na askari husalimika. Asiyesalimika ni mhudumu wa hospitali au dereva wa basi la shule, ambaye hana posho na anagombea chumba kilekile. Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo, kwa maana wanaosukumwa nje ni walewale ambao upanuzi unawahitaji.

Sasa twende Junction City, jirani wa kambi ya Fort Riley. Divisheni ya Kwanza ya Jeshi la Miguu ilirejea huko kutoka Ujerumani mwaka 2006, na mji ambao mwaka 2000 ulikuwa na watu wasiofika 19,000 uliambiwa ujiandae kupokea maelfu. Ulijiandaa kwa moyo wote. Ulikopa kwa kuuza hatifungani, ukapasua mitaa mipya pembezoni, ukalaza mabomba ya maji safi na maji taka hadi kwenye viwanja ambavyo bado havikuwa na wanunuzi, kwa matarajio kwamba kila kiwanja kikijengwa mwenye nyumba angelipa sehemu ya deni. Watu walikuja kweli, na sensa ya 2010 ilihesabu zaidi ya 23,000. Lakini hawakuja kwa wingi uliotarajiwa wala kwa kasi iliyotarajiwa. Baadhi walinunua nyumba katika miji jirani, kisha mgogoro wa mikopo ya nyumba wa 2008 ukawakatisha wajenzi kazi. Hebu fikirini mtaa wenye lami mpya, kingo za saruji zilizonyooka, mabomba ya zimamoto yaliyosimama kila baada ya hatua kadhaa, na nyuma yake nyasi tupu. Deni la mtaa ule halikuwa la jeshi. Lilikuwa la watu wa mji, na liliwabana kwa miaka mingi.

Wako wanaosema viongozi wa mji ule walikuwa na pupa. Sikubaliani nao kabisa. Waliambiwa wajenge haraka, kwa sababu mji usio na nyumba ungeonekana hauko tayari, na mji usio tayari ungeweza kukosa kikosi. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba walibeba peke yao hatari ambayo ilipaswa kugawanywa kati ya kaunti kadhaa, jimbo na serikali ya shirikisho, na kwamba walijenga kwa mkupuo badala ya kwa hatua, kila hatua ikisubiri kikosi kiwe kimefika kweli. Idadi ya askari si ahadi. Mwezi Juni 2013 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kuondoa brigedi kumi katika kambi zake za ndani ili kushuka kutoka askari 570,000 wa wakati wa vita hadi 490,000, na katika kambi zilizopoteza brigedi zilikuwamo Fort Riley, Fort Bliss ya El Paso na Fort Bragg ya Fayetteville, zilezile zilizoambiwa mwaka 2005 kwamba zinakua.

El Paso ilifanya vizuri zaidi, na sababu inafaa kutazamwa kwa makini. Mji huo uko jangwani, mvua yake haifiki sentimita 25 kwa mwaka, na sehemu ya maji yake hutoka kwenye hifadhi ya chini ya ardhi iitwayo Hueco Bolson, ambayo kambi ya Fort Bliss nayo ilichimba visima humohumo. Kwa miaka mingi pande zote mbili zilivuta, maji baridi yakapungua, na maji ya chumvichumvi yaliyo kando yake yakaanza kusogea kuelekea visimani. Kila upande ulikuwa unafikiria mtambo wake wa kuondoa chumvi. Badala yake waliunganisha mipango, mamlaka ya maji ya mji ikajenga mtambo mmoja katika ardhi ya kambi, na ukafunguliwa mwaka 2007 ukiwa na uwezo wa kutoa lita zaidi ya milioni 100 za maji ya kunywa kwa siku. Hakuna mtambo wa aina hiyo uliokuwa mkubwa kuliko huo mbali na bahari. Mtambo huo hautumii maji baridi yaliyobaki. Unavuta yaleyale ya chumvichumvi yaliyokuwa tishio. Lakini ninachotaka mkione ni tarehe. Mazungumzo yalianza kabla orodha ya 2005 haijatoka. Divisheni ya Kwanza ya Vifaru ilipoletwa Fort Bliss kutoka Ujerumani, wahandisi wa pande zote mbili walikuwa wanajuana kwa majina na walikuwa wamekwisha kubishana vya kutosha juu ya ramani moja.

Kuhusu barabara nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo sheria yenyewe ndiyo iliyoharibu kazi. Upo mpango wa shirikisho unaoliwezesha jeshi kugharimia barabara za kuingilia kambini, na mojawapo ya vigezo vyake vikuu wakati huo kilikuwa kwamba upanuzi uwe utarudufisha magari katika barabara husika. Kijijini kigezo hicho kinaeleweka. Mjini, barabara iliyokwisha kujaa haiwezi kurudufisha magari yake hata kama ingetaka. Huko Alexandria, Virginia, wafanyakazi 6,400 wa Wizara ya Ulinzi walihamishiwa katika minara miwili kando ya barabara kuu namba 395, mahali pasipo na kituo cha treni ya mjini. Jopo la Akademia za Taifa, taasisi za kisayansi zinazoishauri serikali ya Marekani, lililotoa ripoti mwaka 2011 lilisema wazi kwamba kigezo hicho hakifai kwa miji yenye msongamano.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kambi ndiyo inayouumiza mji. Kinyume chake pia hutokea, na mfano bora ninaoufahamu ni wa ndege. Katika misitu ya misonobari ya majani marefu inayoizunguka Fort Bragg huishi kigong'ota mdogo mweusi na mweupe, ambaye dume lake lina msitari mwembamba mwekundu kichwani, msitari usioonekana kwa urahisi. Vigong'ota wengi hutoboa mti uliokufa. Huyu hutoboa msonobari ulio hai, uliozidi miaka 60, na kazi hiyo inaweza kumchukua miaka. Kisha hudonoadonoa gome kuzunguka tundu ili utomvu uchuruzike na kumzuia nyoka asipande. Ukitembea katika msitu ule utauona mti wake kwa mbali, kwa sababu shina limepakwa mistari ya rangi nyeupe, na askari akiiona mistari hiyo anajua kwamba hapo hachimbi handaki wala hapitishi kifaru. Mwaka 1990 vizuizi vya namna hiyo vililibana jeshi kiasi cha kutatiza mafunzo. Ndege walikuwa wamejazana kambini kwa sababu nje ya uzio misonobari ilikuwa ikikatwa kupisha nyumba, nyumba ambazo nyingi zilijengwa kwa ajili ya watu wa kambi hiyohiyo. Kuanzia 1995 jeshi, mashirika ya uhifadhi na wenye mashamba walianza kununua haki za kutojenga katika ardhi jirani, na mwaka 2002 Kongresi ikapitisha sheria iliyoruhusu mpango huo kutumika kwa kambi nyingine. Kufikia 2006 idadi ya ndege katika eneo lile ilikuwa imefikia lengo la uokoaji, na vizuizi vingi vikalegezwa.

Somo la kigong'ota linahusu pia kelele za ndege za kivita, vumbi la mizinga na taa za mji zinazomzuia rubani kujifunza kuruka gizani. Kiwanja kinachouzwa leo karibu na uwanja wa shabaha kitaleta malalamiko miaka mitano baadaye, na kaunti moja ikikataza ujenzi huku jirani yake ikiruhusu, katazo halina maana. Tangu 1985 Wizara ya Ulinzi imekuwa ikitoa fedha za kuandaa mipango ya pamoja ya matumizi ya ardhi kwa sababu hiyo. Udhaifu wa mipango hiyo ni kwamba ni ushauri, na ushauri hauwezi kumzuia mjumbe wa halmashauri ambaye rafiki yake ana shamba la kuuza.

Guam, kisiwa cha Marekani katika Bahari ya Pasifiki, inatuonyesha hali inakuwaje meza inapokosekana. Mwaka 2006 Marekani na Japani zilikubaliana kuhamishia kisiwani humo wanamaji 8,000 na wategemezi 9,000 kutoka Okinawa, kisiwa cha Japani. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 159,358 Guam, na tathmini ya jeshi lenyewe ilikadiria kwamba katika kilele cha ujenzi wangeongezeka watu karibu 79,000. Rasimu ya tathmini hiyo ilitoka Novemba 2009, kurasa zipatazo 11,000, na wananchi wakapewa siku 90 kuisoma. Kurasa zaidi ya 120 kwa siku, kwa mvuvi, kwa muuguzi, kwa bibi wa Kichamoru, jamii ya wenyeji wa kisiwa hicho, ambaye kijiji cha kale cha mababu zake, Pågat, kilikuwa kimewekwa karibu na uwanja wa shabaha uliopendekezwa. Walisoma. Maoni yalizidi 10,000, shirika la shirikisho la mazingira likaipa rasimu alama ya chini kabisa, hasa kwa sababu ya maji safi na maji taka, na kesi ikafunguliwa. Mwaka 2012 idadi ilishushwa hadi wanamaji 5,000 hivi na wategemezi 1,300, na uwanja wa shabaha ukahamishiwa kwingine. Wanamaji wa kwanza kutoka Okinawa walianza kuhamia Desemba 2024, miaka kumi baada ya tarehe ya awali.

Nimalizie na Fort Drum, kaskazini mwa jimbo la New York, ambako Divisheni ya Kumi ya Milimani iliundwa upya mwaka 1985. Mwaka huohuo jimbo liliunda mamlaka ya maendeleo ya kaunti tatu, Jefferson, Lewis na St. Lawrence, likaipa uwezo wa kukopa na kujenga, nayo ikalaza bomba la maji na la maji taka kati ya kambi na mji wa Watertown. Kambi haikujengewa hospitali ya kulaza wagonjwa. Askari na familia zao wanalazwa katika hospitali za raia, na tangu 2005 kuna chombo cha pamoja kinachopanga huduma hizo za afya. Brigedi moja iliondolewa mwaka 2014. Mamlaka ile ingalipo, inaendesha mabomba yaleyale, dampo la ukanda mzima na mtandao wa nyaya za mawasiliano unaofika hadi vijijini, na deni la bomba la kambi halikuangukia mji mmoja.