Daktari Mzima Unageuza Wagonjwa Usiku? Nawajibu

Ndugu watazamaji, chini ya kila video nakuta swali lilelile: kama kweli wewe ni daktari, mbona huko Uingereza unaogesha na kugeuza wagonjwa kitandani? Leo nalijibu, na atakayesema najigamba au nalalamika, namwachia achague.

Mambo ya kukimbia nchi mnayajua, siyarudii. Kilichonikwamisha ni makaratasi ya kusajiliwa udaktari huku. Cheti cha mtihani wa lugha ya Kiingereza hutambuliwa kwa miaka 2 tu, na changu kiliisha muda nikiwa bado nangoja chuo nilichosoma kithibitishe shahada yangu. Ikanibidi nilipe ada upya kutoka mshahara wa zamu za usiku. Wakati huohuo jirani mmoja alikwenda kumwambia mama yangu kwamba nimefukuzwa udaktari. Hilo, kusema kweli, bado linaniuma kuliko ada.

Sasa niwaambie habari za Ludwig Guttmann. Alikuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Myahudi kutoka Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, akakimbia utawala wa Hitler na kufika Oxford mwaka 1939. Huko aliwekwa kwenye utafiti, mbali na wagonjwa, hadi mwaka 1944 alipokabidhiwa kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo pale hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo aliyepooza miguu alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri siku yake, kwa sababu vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo viliwamaliza wengi. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kisha akawatoa kitandani wakacheze. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale kwenye uwanja wa hospitali, na humo ndimo ilimoota Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo kazi mnayonicheka nayo ndiyo ile aliyoisimamia daktari bingwa mkimbizi. Simwambii mtu aje wala asije, maana faili langu si lako. Jana saa 8 usiku nilimgeuza mzee mmoja, nikakagua kisigino chake kwa tochi, ngozi haikuwa na wekundu wa kidonda kinachoanza, nikaandika saa na upande aliolalia. Saa 10 nikarudi.