Chaza anakula tunachomwaga

Assalaam alaykum mama zangu, wazee wangu, na nyie vijana mliokaa nyuma karibu na mlango nawaona. Leo maji mafu, bahari haikupwa sana, ndo mana nimeichagua siku hii, bamvua mngekuwa nyote pwani mnachokoa chaza, ningekuja kuzungumza na viti. Kabla sijasema lolote naomba mtazame haya machupa mawili ya maji hapa mezani, nimeyakata juu, yote nimeyatia maji ya bahari ya pale penye tope, lakini hili la kulia nimelitia na chaza kumi. Yaacheni hivohivo tutayarudia.

Sasa. Mtu akila chaza tumbo likamkata husema ah, chaza mbovu yule. Chaza hakuwa mbovu jamani. Chaza ni chujio tu, anakaa pale kajishikiza kwenye mzizi wa mkoko hana pa kwenda, anavuta maji anakamata vitu vidogovidogo anatoa maji, mkubwa wake kwa saa moja anaweza kupitisha lita kadhaa, na vidudu vingi vinavyopita vinabaki ndani mwake. Kwa hiyo maji yakiwa na vidudu kidogo tu ambavyo ukiogelea wala hujui, yeye anavikusanya siku nzima mpaka nyama yake inakuwa na vidudu vingi kuliko maji yenyewe. Ndo tofauti yake na changu au pono, samaki unamtoa matumbo unamuosha, chaza unamla na tumbo lake.

Na vidudu vinatoka wapi? Hapa ndo watu huniangalia kwa jicho baya. Vinatoka chooni. Baharini hamna choo, choo kiko huku juu kwetu. Kisiwa chetu nyie mnakijua, huku uwandani ukichimba shimo unachimba jiwe la matumbawe, limejaa matundu kama sponji, ukilichimbia choo bila karo la kujengwa vizuri usishangae shimo halijai miaka kumi, watu wanafurahi eti choo changu hakijai! Hakijai kwa sababu kinavuja, na kinavuja kuelekea kisimani na pwani. Na mjini ndo usiseme, mabomba ya majitaka ya Mji Mkongwe miaka yote yanamwaga baharini. Dar wana mtindo wao, mvua ikianza mtu anafungua shimo la choo yaende na maji ya barabarani, wenyewe wanaita kutapisha choo, na maji hayo yanaingia mtoni, mto unaingia baharini. Ongeza ng'ombe na mbuzi wetu wanaofungwa karibu na mtaro.

Ndo mana mvua za mwanzo za masika ndo mbaya kuliko zote. Kiangazi kizima uchafu umekaa juu ya ardhi unasubiri, mvua moja inausomba wote kwa mkupuo. Jua la kiangazi na maji safi huwa vinaviua vidudu vingi, lakini maji yakiwa na tope jua halifiki chini, vinajificha mle topeni vinaishi. Mimi ushauri wangu, mvua kubwa ikishanyesha, basi kwa wiki nzima msichokoe chaza wala kombe karibu na midomo ya mitaro. Najua wiki ni hela ya skuli ya mtoto, najua, lakini nenda upande wa nje kwenye mkondo.

Bi mmoja hapa nilipoingia kaniuliza, si tunachemsha? Mnachemsha mpaka ganda linafunguka, sivyo? Ganda kufunguka si kuiva mama, ganda hufunguka mapema sana. Virusi kama vya homa ya ini vinataka nyama ya ndani ifike joto la nyuzi 90 na ikae hapo dakika moja na nusu, kwa hiyo likifunguka ndo kwanza anza kuhesabu. Na ndimu msiitegemee kuua vidudu, ndimu ni utamu tu.

Niwape kisa kimoja si cha hapa. Kusini mwa Uingereza kuna mji mdogo unaitwa Emsworth, ulikuwa na jina kwa chaza. Tarehe 10 Novemba 1902 kukawa na karamu mbili za mameya siku hiyohiyo, moja Winchester moja Southampton, na chaza wa Emsworth wako mezani. Watu wakaanza kuugua taifodi, wengine wakafa, akiwemo mkuu wa kanisa kubwa la Winchester. Kuchunguza, kumbe mabomba mapya ya majitaka ya mji wao wenyewe yanamwaga palepale wanapofugia chaza. Biashara ikasimama. Mfanyabiashara wao mmoja, Foster, akaishitaki halmashauri na mwaka 1906 akashinda, lakini kushinda kesi hakukurudisha wateja. Mimi kinachoniuma katika kisa hichi ni kwamba wavuvi hawakukosea chochote.

Tunapimaje vidudu ndani ya chaza? Tunachukua chaza wazima wasiopungua kumi, tunasugua maganda, tunawafungua kwa kisu kilichochomwa moto, tunawasaga, halafu tunatia kidogokidogo kwenye vitubu vya maji ya zambarau yenye chakula cha bakteria. Kitubu kikigeuka njano kuna kitu kinakula mle ndani, tunakihamishia kwenye sahani ya joto la nyuzi 44, ambalo bakteria wengi hawalistahamili lakini E. coli wa matumboni yeye anaona sawa tu. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wanasema sehemu nzuri ya kuvuna kwa kula moja kwa moja isizidi E. coli 230 kwa gramu 100 za nyama, ikizidi hapo mpaka 4,600 lazima kwanza chaza wakae kwenye maji safi, kama siku mbili hivi, wajisafishe. Bakteria wanatoka hivo, virusi ving'ang'anizi havitoki kirahisi. Mara yangu ya kwanza kuchukua sampuli niliwatia chaza juu ya barafu moja kwa moja, wakafa wote njiani, nikatupa kazi ya siku nzima, bosi hakunisemesha mpaka jioni.

Haya tazameni machupa sasa. La kushoto bado tope, la kulia mnaiona mpaka rangi ya kitambaa cha meza nyuma yake. Mtoto huyu kanambia maji yamekuwa safi. Maji ndiyo, vidudu viko wapi? Eh, vingi ndani ya chaza.

Hawa kumi msiwapike. Asubuhi mimi na kijana wenu mmoja tumechukua wengine kumi mdomo wa mtaro na kumi kule nje kwenye mikoko ya mwisho, wako kwenye kibaridi. Leo jioni naviweka vitubu, keshokutwa majibu yapo, nitampigia bi mwenyekiti na nitataja namba zote mbili kama zilivyo hata kama hazitopendeza. Sasa maswali, aanze bibi pale mwenye buibui.