Nyasi za Kupanga

Swali langu ni lile lile, na mlionisikia mwaka juzi mnivumilie: serikali ya Marekani inapomlipa mkulima asilime, inanunua nini?

Mpango wenyewe unaitwa Conservation Reserve Program, matunda ya sheria ya 1985. Mwenye shamba anaiacha ile sehemu inayomomonyoka, anaotesha nyasi, kisha analipwa kwa ekari kila mwaka, kwa miaka 10 hadi 15. Nilipomweleza shangazi yangu aliweka kikombe chini. "Yaani mtu analipwa kwa kukaa?" Sio kukaa, shangazi. Ngoja nikusimulie vumbi.

Mwaka 1935 Hugh Bennett, bwana udongo wa Rais Roosevelt, aliitwa mbele ya kamati ya Seneti. Husimuliwa kwamba alikuwa na habari dhoruba ya vumbi inakuja Washington kutoka nyanda za magharibi. Basi akavuta maneno. Takwimu baada ya takwimu, maseneta wanapiga miayo, yeye anachungulia dirisha. Mara mchana ukaingia giza. Mashamba ya Kansas na Oklahoma yakawa yanapita hapo nje, angani! Sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa saini Aprili, mwaka huo huo. Huyo ndiye mhadhiri. Mimi nina kipaza sauti kinachokwaruza tu.

Kwa hiyo silalamikii malipo. Nalalamikia mkataba. Nimesimama magharibi mwa Kansas kwenye shamba lililokuwa ndani ya mpango. Nikachimba, mizizi ikapita urefu wa mkono wangu, na udongo umeing'ang'ania kama ugali kwenye mwiko. Ng'ambo ya barabara, mkataba ulikwisha, trekta likapita. Nikateka udongo kiganjani, nikapuliza. Kwisha.

Hizo ni nyasi za kupanga. Mwaka 2007 mpango ulikuwa na ekari kama milioni 36.8. Mahindi yakapanda bei kwa ajili ya ethanoli, yaani mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi, wenye mashamba wakapiga hesabu, wakachukua jembe. Bunge nalo, kwa sheria ya 2014, likashusha kikomo hadi ekari milioni 24. Kodi ya pango ya miaka yote ile imekwenda na upepo, na kiangazi kikali kikija tutaombwa tuilipe upya.

Najua kuna mtu anasema moyoni: ardhi ni yake, afanye atakavyo. Sawa! Basi tumlipe zaidi, mara moja, kwa hati isiyokwisha. Njia hiyo ipo, ila fungu lake ni dogo. Ukipanga chumba miaka 15 ukaondoka, usishangae mwenye nyumba akibadilisha pazia.

Nilitaka kueleza kwa nini sheria huzuia mpango usichukue zaidi ya robo ya ardhi ya kilimo ya kaunti moja. Kwa kifupi: shamba lisilolimwa halinunui mbegu, wala mbolea, wala dizeli, na mwenye duka mjini anafunga. Hilo ni la haki. Halafu kuna yule anayelima kwa kukodi, ambaye mwenye ardhi akitia saini yeye anatafuta pa kwenda... naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, maswali. Tuanze na wewe wa nyuma, uliyetikisa kichwa tangu niliposema "shangazi".